Alikiri, akafungwa, kumbe siye: asiye na hatia anafikaje jela Marekani

Juzi kijiweni, pale tunapokunywa kahawa baada ya magharibi, kijana mmoja alitoa simu akatuonyesha video. Mzee mweusi anatoka jela ya Birmingham, Alabama, akina mama wanamkumbatia huku wanalia, naye anawaambia wanahabari kwamba jua linawaka. Anaitwa Anthony Ray Hinton. Alitoka Aprili 2015, baada ya karibu miaka 30, mingi kati ya hiyo akisubiri adhabu ya kifo kwa mauaji ambayo hakuyafanya.

Tuliguna, kisha mjadala ukaanza. Yalikuwa maneno yaleyale ninayoyasoma kila video ya namna hii inapozunguka kwenye magrupu. Huyo alibambikiwa. Sasa kama siye, mbona wengine huwa wanakiri wenyewe tena mbele ya kamera? Na mashahidi waliomwona? Wale wana DNA bwana, hawakosei. Mzee mmoja akafunga kwa kusema tumwache, atalipwa hela ndefu.

Kila kauli kati ya hizo ina kosa lake, na makosa yenyewe hayafanani. Naomba nianze na maneno, kwa sababu nusu ya ubishi wetu unatokana na hapo.

Kwa Kiswahili tunasema "ameachiwa huru" tukimaanisha mambo manne tofauti. Aliyepata dhamana ameachiwa, lakini kesi bado inamsubiri. Aliyepata msamaha wa rais ameachiwa, ila kwa kawaida hatia iko palepale, kilichoondolewa ni adhabu tu. Aliyeshinda rufaa kwa sababu ya dosari za kisheria ameachiwa, lakini mahakama haijasema hakutenda, imesema kesi iliendeshwa vibaya. Wa nne ni yule ambaye hatia yenyewe imefutwa kwa kuwa ushahidi mpya umeonyesha siye, au hata kwamba hakuna kosa lililotendeka kabisa. Huyu nitamwita aliyesafishwa, na ndiye ninayemzungumzia hapa. Hinton ni wa kundi hili.

Kisha kuna hili la kubambikiwa. Sisi neno hili tunalijua vizuri. Mwaka 2019 Rais Magufuli alipoingia gereza la Butimba kule Mwanza, ndilo lililotawala midomo ya mahabusu. Kubambikiwa maana yake kuna mtu anajua fika huna kosa na bado anakutwika. Marekani yapo. Mwaka 1999 katika mji wa Tulia, Texas, wenye watu wapatao 5,000, askari kanzu mmoja aliyefanya kazi peke yake, bila kurekodi sauti wala picha, alisababisha watu 46 wakamatwe kwa madai kwamba walimuuzia kokeini. Karibu wote walikuwa weusi. Mfugaji wa nguruwe mmoja alipewa miaka 90. Mwaka 2003 uongo wa askari yule ulishakuwa wazi, gavana akawasamehe watu 35, na hii ni moja ya mara chache ambapo msamaha hutumika kumsafisha mtu.

Tulia ni rahisi kuielewa kwa sababu ina mwongo wake, unaweza kumnyooshea kidole. Ila kesi nyingi za watu waliosafishwa hazina mtu wa hivyo. Zina polisi, mashahidi na mawakili ambao wengi wao waliamini kwa dhati kwamba wamempata mhalifu. Hapo ndipo penye ugumu.

Simu iliyopotea

Tuseme simu imepotea nyumbani. Asubuhi hiyo walikuwepo watoto wawili, mpwa aliyekuja likizo, fundi wa friji aliyepita mara moja, na dada wa kazi. Nani anaitwa sebuleni kwanza?

Jibu unalo. Na akishaitwa, kila anachofanya kinageuka ushahidi. Akinyamaza, anaficha. Akilia, dhamiri inamsuta. Akiapa, wezi ndio wanaoapa. Begi lake linamwagwa sakafuni, kinakutwa kitambaa cha mama mwenye nyumba, hakihusiani hata kidogo na simu, lakini sasa unasikia "mnaona?" Fundi wa friji hakuna aliyempigia. Keshokutwa simu inaokotwa chini ya godoro la mtoto mdogo, betri imekwisha.

Na hapo hakuna aliyemchukia yule dada. Huyo mama ndiye anayemnunulia nguo za Idi. Ila swali la nani angeweza kuiba lilipoulizwa, jibu lilikuwa limeshakaa mezani kabla hata ya kutafuta. Wanaposema ubaguzi wa mfumo, wanamaanisha kitu kama hiki: nyumba nzima imezoea kuanza upande mmoja, kiasi kwamba haihitajiki chuki ili asiye na kosa aumie. Marekani, kwa historia ya utumwa na sheria za kutenganisha rangi zilizodumu hadi miaka ya 1960, mtu mweusi ndiye anayeitwa sebuleni kwanza.

Sasa tazama jambo hilo likiingia mahakamani.

Aliyemwona kwa macho yake

Julai 1984, mjini Burlington, North Carolina, mwanamume aliingia usiku kwa mwanafunzi wa chuo, Jennifer Thompson, mzungu mwenye miaka 22, akamwekea kisu shingoni na kumbaka. Thompson hakufumba macho. Amesimulia mara nyingi hadharani kwamba alijilazimisha kuikariri sura ile ili akipona amfunge mwenye nayo. Shahidi bora kuliko huyo utamtoa wapi?

Polisi walimwekea picha mezani. Akazitazama kwa dakika kadhaa, akachagua ya Ronald Cotton, kijana mweusi aliyewahi kuwa na makosa mengine. Siku chache baadaye likapangwa gwaride la utambuzi, wanaume mstari mmoja. Alisita kati ya wawili, kisha akamchagua Cotton tena. Polisi wakamjulisha kwamba huyo ndiye yuleyule wa kwenye picha. Akashusha pumzi, mashaka yakaisha.

Angalia kilichotokea hapo, maana ni kidogo na kinapita haraka. Cotton ndiye mtu pekee aliyekuwemo kwenye picha na pia kwenye gwaride. Yawezekana sana kwamba Thompson, pale kwenye gwaride, hakuwa akimkumbuka mbakaji bali picha aliyoiona juma lile. Kumbukumbu haikai kama video ya kamera ya dukani. Inafanana zaidi na pilau la jana, kila ukilipasha moto linabadilika kidogo, na mwisho unakula kitu ambacho si kile kilichopikwa, ingawa jina ni lilelile. Neno moja la kuungwa mkono na askari linatosha kuigeuza "nadhani" kuwa "nina hakika", na mahakama husikia hilo la pili tu.

Halafu kuna suala la rangi, nalo wala halihitaji mtu mbaya. Pita Kariakoo usikilize watu wakisema Wachina wote wanafanana. Nao Wachina wanasema hivyohivyo juu yetu. Watafiti wamelipima jambo hili kwa miongo mingi: binadamu hutofautisha vizuri zaidi sura za watu wa jamii aliyokulia ndani yake. Kijiweni ni utani. Ila mzungu anapomtambua mweusi mahakamani, na pembeni jopo la waamuzi nao ni wazungu watupu au karibu wote, utani ule unakuwa miaka ya mtu.

Cotton alifungwa maisha. Akiwa gerezani akakutana na mfungwa aitwaye Bobby Poole, aliyefanana naye kiasi kwamba watu waliwachanganya, na ambaye alijisifu kwa wenzake kwamba yeye ndiye aliyefanya yale. Kesi ikasikilizwa upya mwaka 1987. Poole akaletwa mahakamani. Thompson akamtazama mtu aliyembaka, uso kwa uso, akasema hajawahi kumwona. Cotton akafungwa tena. Ilibidi ifike 1995 ndipo DNA ikamtaja Poole, na Cotton akatoka baada ya miaka 10 na nusu. Thompson aliomba kuonana naye, wakakutana kanisani mwaka 1997, akamwomba radhi. Baadaye walizunguka pamoja wakieleza mkasa wao. North Carolina nayo ikabadili sheria mwaka 2007: anayeendesha utambuzi asijue mtuhumiwa ni yupi, na shahidi aambiwe mapema kwamba huenda mhalifu hayumo.

"Mbona alikiri?"

Hili ndilo lililowasumbua zaidi pale kijiweni, na sishangai. Kwa akili ya kawaida hakuna anayejitia kitanzi.

Aprili 1989 mwanamke mzungu aliyekuwa akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York, alibakwa na kupigwa nusura afe. Polisi wakakamata vijana waliokuwa wakirandaranda humo usiku ule. Watano wakashtakiwa, wana kati ya miaka 14 na 16, wanne weusi na mmoja wa asili ya Amerika ya Kilatini. Mmoja wao, Korey Wise, hata hakuwa akitafutwa; alimsindikiza rafiki yake kituoni. Wanne kati yao walirekodiwa wakieleza walivyoshiriki. Donald Trump, wakati huo mfanyabiashara wa majumba, alilipia matangazo katika magazeti manne akitaka adhabu ya kifo irudishwe.

Ukizisikiliza zile kauli zao kwa utulivu unaona hazishikani: wanapingana juu ya mahali, saa, nani alifanya nini. DNA iliyopatikana haikuwa ya yeyote kati yao, na hilo lilijulikana kabla ya hukumu. Wakafungwa hata hivyo. Mwaka 2002 mfungwa aitwaye Matias Reyes alisema alifanya peke yake, DNA ikawa yake, hukumu zote zikafutwa. Wise, aliyesindikiza tu, alikaa karibu miaka 13. Mwenzake Yusef Salaam alichaguliwa mwaka 2023 kuwa diwani wa New York.

Walikirije? Wameeleza wenyewe. Kijana wa miaka 14 anahojiwa kwa saa nyingi, hajalala, hajala vizuri, anaambiwa mwenzako chumba cha pili ameshakutaja, ukisema nawe ulichoona utakwenda nyumbani kwa mama. Kwake kukiri ni njia ya kutoka chumbani, mambo ya jela yako mbali. Na polisi wa Marekani wanaruhusiwa kumdanganya mtuhumiwa wakati wa mahojiano. Mahakama ya Juu ilibariki hilo tangu 1969. Ni kuanzia 2021 ndipo baadhi ya majimbo, Illinois na Oregon yakitangulia, yalipokataza kuwadanganya watoto.

Kuna na kukiri kwa aina nyingine, kusikoonekana kwenye video yoyote, na kwa maoni yangu huku ndiko kunakowamaliza watu wengi zaidi. Zaidi ya kesi 9 kati ya 10 zinazoishia kwa hatia Marekani hazifiki kwenye ushahidi. Zinaisha kwa makubaliano ya kukiri kosa, utaratibu ambao hata Tanzania tumeuingiza kwenye sheria mwaka 2019. Ni wangapi tumelipa faini ya barabarani ya shilingi 30,000 kwa kosa tusilolikubali, kwa kuwa kesho kuna kazi na mahakama ni siku nzima? Sasa ongeza ukubwa wake. Houston, Texas, polisi walikuwa wakipima unga barabarani kwa kichupa kinachobadili rangi, kipimo kinachokosea. Mtu anawekwa ndani, hana hela ya dhamana, anaambiwa akiri atoke baada ya wiki chache, akikataa atasubiri kesi miezi na huenda akala miaka. Anakiri. Baadaye sana maabara inapima: si dawa za kulevya. Zaidi ya watu 100 wa Houston na viunga vyake wamesafishwa hivyo, wengi wao weusi, ingawa weusi ni karibu mtu 1 tu kati ya 5 wa eneo lile.

Aliyekiri ili akawahi kibarua haonekani kwenye video za kulia mlangoni. Kifungo chake kilikuwa kifupi mno kumtoa mtu machozi.

Wale 12

Kwetu jaji au hakimu ndiye anayeamua. Marekani katika kesi kubwa kwa kawaida wanaamua wananchi 12, watu wa kawaida waliookotwa kwenye orodha ya wakazi, na lazima wakubaliane wote. Kabla ya kesi kuanza, kwa kawaida kila upande una haki ya kuwakataa kadhaa bila kutoa sababu. Ni kama kikao cha ukoo cha kugawa mirathi, halafu upande mmoja una ruhusa ya kuwainua wazee na kuwaambia wewe nenda, na wewe nenda, mpaka wabaki wa upande wake.

Tangu 1986 ni marufuku kumkataa mtu kwa rangi yake. Dawa ya mwendesha mashtaka mjanja ni kutafuta sababu nyingine.

Curtis Flowers wa Winona, Mississippi, alishtakiwa kwa kuua watu wanne katika duka la samani mwaka 1996. Alishtakiwa kwa kesi hiyohiyo mara 6, na mwendesha mashtaka mmoja, Doug Evans, mzungu. Katika mashauri yale yote, Evans na wenzake walikataa weusi 41 kati ya 42 waliowezekana kukataliwa. Katika shauri la sita waliwauliza weusi watano waliowakataa jumla ya maswali 145. Wazungu 11 waliokaa kwenye jopo waliulizwa maswali 12, wote kwa pamoja, si kila mmoja. Ukimhoji mtu maswali 29 hukosi pa kumshika: umewahi kufanya kazi na ndugu wa mshtakiwa, unaishi mtaa mmoja na shangazi yake. Mahakama ya Juu ilifuta hukumu Juni 2019 kwa kura 7 dhidi ya 2, na Septemba 2020 mashtaka yakatupwa. Flowers alikuwa ndani miaka 23.

Rufaa basi, si zipo? Zipo, na ndizo zilizomtoa. Lakini rufaa kwa kawaida haiulizi kama ulitenda, inauliza kama taratibu zilifuatwa, na ukitaka kuonyesha zimekiukwa unahitaji wakili mwenye muda. Mzee wetu wa video, Hinton, alipewa wakili wa kumtetea anayelipwa na serikali, aliyedhani, kimakosa, kwamba sheria inamruhusu dola 1,000 tu za kutafuta mtaalamu wa risasi. Kesi nzima ilikuwa juu ya risasi: je, zilitoka kwenye bastola ya mama yake? Kwa hela hiyo akampata mhandisi wa ujenzi mwenye jicho moja, ambaye upande wa mashtaka ulimfanya kichekesho mahakamani kwa jinsi alivyohangaika na hadubini. Wataalamu wa kweli walipokuja kuzipima walisema hakuna anayeweza kuzihusisha na bastola ile. Alabama iligoma kuangalia upya kwa zaidi ya miaka 10.

Si kwamba wanafanya uhalifu zaidi?

Kuna aliyeliuliza kwa sauti ya chini, nami naona ni bora liulizwe. Lipo daftari la kitaifa la waliosafishwa, linaloorodhesha kesi tangu 1989. Hesabu yake ya mwaka 2022 ilionyesha weusi ni karibu asilimia 14 ya Wamarekani lakini ni asilimia 53 ya waliosafishwa, na kwamba mweusi asiye na kosa ana uwezekano mara 7 zaidi ya mzungu asiye na kosa kufungwa kwa kosa kubwa. Kwa mauaji, sehemu ya pengo hilo inatokana kweli na idadi ya kesi: palipo na kesi nyingi na makosa ni mengi. Waandaaji wenyewe hawalifichi hilo, ila wanasema halitoshi kueleza pengo lote.

Kwa dawa za kulevya hoja hiyo inakufa kabisa. Weusi na wazungu Marekani wanazitumia kwa viwango vinavyokaribiana, na bado mweusi asiye na kosa ana uwezekano mara 19 zaidi ya mzungu kutiwa hatiani. Anasimamishwa mara nyingi zaidi, anapekuliwa mara nyingi zaidi. Ndiye aliyeitwa sebuleni.

DNA nayo inasaidia pale tu mhalifu alipoacha kitu mwilini au mahali, na pale tu polisi walipokitunza. Risasi iliyopigwa kwa mbali haiachi DNA ya mpigaji. Waliosafishwa kwa DNA ni chini ya robo ya wote.

Yule mzee wa hela ndefu nilimjibu kwa mfano wa Flowers, maana hesabu yake ni nyepesi. Ni kweli wale watano wa New York walipata dola milioni 41 mwaka 2014, baada ya kuushtaki mji kwa miaka mingi. Ila kila jimbo lina sheria yake, na mengine hayana kabisa. Mississippi inalipa dola 50,000 kwa kila mwaka uliokaa ndani, mwisho dola 500,000. Yaani miaka 10. Ile 13 iliyobaki ya Flowers haikuhesabiwa.

"Na yule mwendesha mashtaka?" akauliza. Nikamwambia tangu 1976 Mahakama ya Juu imeamua kwamba mwendesha mashtaka hadaiwi fidia kwa anayoyafanya mahakamani. Evans alibaki ofisini. Mwaka 2022 aligombea ujaji akashindwa, na mwaka uliofuata akaacha kazi. Mzee akakisogeza kikombe chake, akaagiza kingine.